Nataka kuingia polisi lakini moyo haujatulia, wenye kujua nisaidieni

bintiMtongwe:
Assalam aleikum wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu manake jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu.

Miye ni msichana wa Mtongwe, form foo nilipata C plein, nikasoma kozi ya kompyuta pale mjini, na tangu nimalize ni vibarua tu. Saa hizi niko kwa duka la mpesa karibu na feri upande wa Likoni, naingia asubuhi natoka usiku, na ukitoa nauli na chakula hakibaki kitu. Sasa polisi wakitangaza nafasi tena nataka kwenda kujaribu. Lakini msidhani ni shida ya kazi peke yake inayonisukuma, kuna kitu nilikiona.

Siku moja jioni feri imejaa, mtoto wa kama miaka minne akapotezana na mamake, watu wameshaanza kupiga kelele ati kuna mwanamke anaiba watoto, na yuko mama mmoja wa watu kamshika yule mtoto mkono kumsaidia tu ndiyo wakamzunguka yeye. Akaja askari wa kike. Hakupiga mtu, hakupiga kelele. Alisimama katikati ya yule mama na watu, akamweka nyuma yake kabisa, halafu akavua kofia akachutama akaanza kumuuliza mtoto nguo ya mamake rangi gani. Mamake akapatikana. Yule mama wa watu alikuwa analia anatetemeka na pengine angeuawa pale. Mimi nikasema hii kazi naitaka.

Tatizo ni nyumbani. Kakangu alichukuliwa kwenye msako, walikuwa wamekaa maskani wanakunywa kahawa, akalala ndani wikendi nzima bila kosa na tukaambiwa tutoe pesa ndiyo atoke. Mamangu mpaka leo akisikia landkruza inapita anaenda kuangalia mlango kama umefungwa. Nilipomtajia hii habari alinyamaza siku nzima, na kunyamaza kwa mamangu ni kubaya kuliko kugomba.

Kwa hivyo swali langu si namna ya kuingia, hayo nitayatafuta. Nataka kujua mtu anajuaje kabla hajaenda kwamba hii kazi inamfaa ama haimfai? Na je unaweza kuingia ukabaki mtu?

lindo_la_alfajiri:
Waaleikum salaam dadangu. Mimi niko kazini, cheo cha chini bado, mtoto wa Changamwe, nimefanya kaskazini, nimefanya Lamu, sasa niko stesheni moja hapa Pwani. Nitakwambia ninavyoijua.

Kwanza ile picha ya gwaride uitoe kichwani. Na hata ile ya feri, ni kweli ipo, lakini inakuja mara moja moja. Kazi yenyewe ni kaunta. Chukua usiku mmoja wa mwisho wa mwezi: saa tatu wanaingia wanawake wawili wamepigana juu ya deni la vikoba, kila mmoja anataka wewe uandike yake kwanza. Hujamaliza, bodaboda wanakuleteeni kijana wamemshika na simu ya mtu, amevimba uso mpaka macho hayafunguki, na wale wanaomleta wanataka wakuone ukimzidishia. Wewe unatakiwa umpeleke hospitali kwanza. Saa saba anaingia mama kajifunika leso mpaka puani, anasema ameanguka bafuni, na mumewe yuko hapo nje amesimama mlangoni anasikiliza. Sasa hapo utafanya nini? Hakuna mtu atakwambia. Wengine watamwandikia "ameanguka" kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, waendelee. Mwingine atatafuta sababu ya kumtoa yule mwanamume pale mlangoni, atamwita askari wa kike, atampa mama kiti na kungoja. Kungoja tu, manake leso haishuki kwa kuamrishwa. Halafu ndiyo namba ya OB, fomu ya P3 ya daktari kuandika majeraha, hospitali, na unataka gari kumbe gari halina mafuta.

Ikiwa ukisoma hayo umejiona wewe ndiye yule wa kungoja, basi kuna kitu ndani yako. Ikiwa umechoka kwa kusoma tu, si aibu, watu wengi wazuri sana hawawezi hii kazi.

Halafu wewe una bahati ya kujipima tayari hapo dukani kwako. Mteja ametuma pesa namba siyo yake, anakutukana mbele ya watu kama wewe ndiye uliyembonyezea, unafanyaje? Damu ikikupanda inachukua muda gani kushuka? Na yule anayesahau noti zake kaunta, unamkimbilia ama unangoja uone kama atarudi? Hayo ndiyo majibu yako. Ukipewa bunduki na yunifomu hubadiliki kuwa mtu mwingine, ila yale yaliyomo ndani yako yanapata nguvu, mazuri na mabaya.

La amri. Wengi wanaogopa kuambiwa fanya jambo baya. Sheria ya polisi ya 2011 imeandika wazi kwenye jedwali la sita, kwamba nguvu zinatumika pale njia nyingine zimeshindikana, na kwamba kusema "niliamrishwa na mkubwa" si kinga ukitumia nguvu kinyume cha sheria. Hilo lishike kichwani tangu siku ya kwanza, manake siku ya kesi mkubwa hatakuwa kizimbani na wewe. Lakini sitakudanganya, kukataa amri kuna bei. Unaweza kupewa lindo za usiku mfululizo, unaweza kupewa transfa ghafla. Ukatae hivyo hivyo. Swali ni kama unaweza kuishi na hiyo bei.

Na transfa yenyewe, usitegemee kurudi feri. Utapelekwa mahali hujapata kupasikia. Mimi nilipokuwa upande wa msitu wa Boni, ile operesheni ya kuwasaka al-Shabaab ya tangu 2015, kila tukipanda gari nilikuwa naangalia barabara kama kuna mchanga umefukuliwa, manake vilipuzi vinafukiwa njiani. Kuna wenzangu nilikula nao asubuhi na jioni hawakurudi. Wewe ni mtoto wa Pwani, umezoea bahari na watu, fikiria pia ukiwa Mandera ama Turkana hujui lugha ya mtu yeyote.

tuktuk_boss:
Dada kazi ni kazi. Mshahara wa serikali kila mwezi, bima, pensheni, na lile jopo la Maraga la kuangalia maslahi ya polisi lilipendekeza waongezwe asilimia 40. Nenda. Mambo ya moyo utayajua huko huko.

barobaro_wa_Majengo:
Nisamehe tuktuk boss lakini ushauri kama huo ndiyo umetufikisha hapa. Mtu anaingia kwa sababu ya mshahara, mshahara unakuwa mdogo, anaanza kuutafuta ule mwingine mifukoni mwa sisi.

Dadangu mimi simpendi polisi, nakwambia wazi usije ukadhani najificha. Nimekulia Majengo, Februari 2014 nlikuwa mdogo polisi walipoingia Msikiti Musa na viatu, watu wazima tuliokuwa tukiwaheshimu tukawaona wamelazwa chini. Juni 2024 vijana wa rika letu wameingia barabarani na bendera na chupa za maji, kuna waliorudi maiti. Sasa wewe ukivaa ile nguo, mimi nikikuona sitaona bintiMtongwe aliyeguswa na yale ya feri, nitaona ile nguo. Watoto watanyamaza ukipita. Rafiki zako wa shule watakuwa wanakata stori ukikaa. Utakuwa hujafanya kosa lolote na utalipia makosa ya watu hujapata kuwaona.

Hilo ulipime vizuri kabla hujaenda, manake nimeona askari wazuri waliharibika kwa sababu hiyo. Alianza anatupenda, sisi tukamwonyesha chuki, mwisho akasema kumbe hawa ndivyo walivyo, akawa kama wengine. Na sisi tuna sehemu yetu hapo, nakubali.

Lakini nataka nikuulize swali ambalo lindo hakukuuliza. Siku utakayokuwa kaunta na mwenzako, mtu unayekula naye na aliyekukopesha pesa ya hospitali ya mamako, amemleta kijana usiku na hataki jina liandikwe kwenye OB. Anakwambia tu "huyu wacha, asubuhi tutamalizana naye." Wewe ndiye mwenye kalamu. Utaandika?

Kwa maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Katiba kifungu cha 49 inasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa zikiangukia siku korti imefungwa. Lakini mtu asiyeandikwa hana saa ya kuanza kuhesabiwa, na ikifika asubuhi mamake anakuja kuuliza anaambiwa hatumjui hapa. Akiwepo mmoja tu anayeandika kila jina, stesheni hiyo inabadilika, na hilo silisemi kwa kudhani. Ikiwa jibu lako ni "nitaandika", basi mimi nisiyewapenda nakuomba uende.

bintiMtongwe:
Wallahi nimesoma nikaacha kazi kidogo nikatoka nje. Barobaro swali lako nimelibeba, sitakujibu hapa kwa haraka manake nikisema ndiyo sasa hivi itakuwa maneno tu.

Kaka lindo asante sana kwa hayo ya duka. Matusi nayapata kila siku na siyarudishi, lakini nikifika nyumbani huwa siwezi kula mpaka yaniishe. Sijui hapo ni kufaa ama kutofaa.

Naomba pia kama kuna mwanamke aliyefanya hii kazi aniambie. Kuolewa, watoto, wakubwa wanaume, haya hakuna anayeyasema.

bi_sajini:
Mwanangu hujambo. Nimestaafu niko kwangu Mikindani, kazi nimeifanya tangu usichana na nimewalea wanangu ndani ya hiyo kazi.

Nianze na hilo la kutokula. Anayetukanwa kutwa akarudi nyumbani akala akalala kama hakuna kitu, huyo ndiye ninayemwogopa mimi. Wewe yanakuingia, na yanayoingia lazima yapate pa kutokea. Kwa hivyo jiulize unaye nani wa kumwambia? Siyo mtandaoni, mtu mwenye uso. Nimeona askari, wanaume wengi zaidi, wanatoka kuokota maiti za ajali barabara kuu ya Mombasa na Nairobi asubuhi, mchana wako kazini, jioni wako baa, hivyo hivyo mwaka unaisha. Mwisho tunaenda kumzika na bunduki ni yake mwenyewe. Zamani ulikuwa ukisema umelemewa unaonekana mwoga. Siku hizi wapo washauri nasaha ndani ya huduma, na yale yamesemwa mpaka kwa ripoti ya hilo jopo la Maraga ya 2023, lakini mwenye kwenda kuomba msaada ni wewe, hakuna atakayekuja kukugongea.

Sasa ya wanawake. Kule kuruta hakuna kuhurumiwa, mtakimbia pamoja na mtapiga gwaride pamoja, na hilo ni zuri. Ukija kazini utakuta mambo mawili. Moja, unahitajika kuliko unavyodhani: mwanamke hapekuliwi na mwanamume, mtoto aliyedhulumiwa hamwambii mwanamume, dawati la jinsia bila mwanamke ni meza tu. Kuna usiku mimi nilikuwa askari wa kike peke yangu stesheni nzima, nikienda choo kazi inasimama. Pili, utakutana na mkubwa anayetaka kitu, na ukikataa lindo zako zitakuwa mbaya. Yalinifika. Nilikataa, nikapelekwa mbali, nikafanya kazi huko, nikarudi. Kaa ukijua mapema jibu lako ni lipi, usingoje kulitafuta siku hiyo.

Ndoa. Uwe wazi kwa mwanamume kabla hajaleta posa. Umwambie kuna Idi hutakuwepo, kuna transfa itakuja mtoto akiwa bado ananyonya. Mwanangu wa kwanza kalelewa na mamangu mpaka akaanza kumwita yeye mama, na mimi nikija likizo ananiangalia kama mgeni. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Usije ukaambiwa na mtu kwamba yanapita.

Nyumba nazo, zamani tulikaa lain, zile nyumba za polisi, chumba kimoja familia mbili mnagawanya kwa pazia. Tangu 2018 serikali ilisema askari wakae mitaani na raia wapewe pesa ya nyumba. Kwa hivyo maneno ya huyu barobaro ni ya kweli tupu, hao watakaokata stori ukipita ndio majirani zako, mtachota maji mfereji mmoja. Mimi dawa yangu ilikuwa moja, nilikwenda kila mazishi na kila harusi ya mtaa ikiwa sina zamu, na nikakataa katakata kutumiwa na jirani kumtisha jirani mwenziwe. Ilichukua muda. Walikuja.

Na wewe tuktuk boss mwanangu, hilo jopo lilisema asilimia 40 ni kweli, lakini nyongeza ikatolewa kwa awamu, na askari anayeanza akishakatwa mkopo wa sacco hajioni tajiri. Anayeingia kwa pesa atakwama kwa pesa.

mbio_mama_ngina:
Hujambo dada. Mimi nimeshajaribu mara kadhaa na nafanya mazoezi na kundi letu asubuhi pale Mama Ngina, karibu. Umesema utatafuta mwenyewe lakini wacha nikupe manake watu wanaibiwa sana hapa.

Miaka ni 18 mpaka 28. KCSE wanataka kuanzia D plasi na kwa Kiswahili ama Kiingereza pia D plasi, C yako inatosha na inabaki. Urefu kwa wasichana futi 5 inchi 3, wavulana futi 5 inchi 8. Usiwe mjamzito wakati wa kusajiliwa wala wa mafunzo. Beba kitambulisho na vyeti orijino. Kuna mbio, halafu mnapangwa mstari, wanaangalia meno, miguu, mwili wote. Ile gudi kondakti, cheti cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, unaomba kwa eCitizen shilingi 1,050 halafu unapigwa alama za vidole Huduma Centre, anza mapema.

Sasa hapa nisikize sana. KUSAJILIWA NI BURE. Kila mwaka wa usajili anatokea mjomba wa mtu anayemjua mkubwa, anataka laki kadhaa, mzee wa watu anauza shamba kule Kwale ama ng'ombe. Mwaka 2014 walichukuliwa makuruta 10,000, barua wakapewa, halafu IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ikaenda kortini kwa sababu ya hongo na ubaguzi, na Oktoba mwaka huo huo High Court ikafuta zoezi lote. Yaani hata waliokimbia kwa haki yao wakarudi nyumbani pamoja na walionunua. Na kuna watu mpaka leo ile pesa hawajarudishiwa, utamshtaki nani? Utasema nilitoa hongo? Tena anayeingia kwa kununua anaanza kazi na deni, na deni lile atalilipa rodibloku.

Na hujaulizwa lakini nasema, polisi siyo mlango mmoja. Ikiwa moyo wako uko kwa kusaidia watu lakini bunduki na amri zinakutia wasiwasi, angalia pia magereza, Shimo la Tewa iko hapo tu, ama walinzi wa pwani wale wa baharini, ama msalaba mwekundu kwa kujitolea uone damu kwanza kama unaiweza. Hiyo ya kujitolea hata wiki hii unaweza kuanza.

lindo_la_alfajiri:
Naongezea kwa hilo la kujitolea, ni wazo zuri sana. Na jambo lingine dadangu, kabla hujafanya chochote nenda stesheni siku ya kawaida, uketi kwenye benchi la raia saa mbili tatu. Unaweza hata kwenda kuripoti kitambulisho kilichopotea ikiwa una jirani wa kumsindikiza. Angalia askari wanavyoongea na mtu asiyekuwa na mtu. Yule atakayekukasirisha na yule atakayekupendeza, wote wawili ndio wenzako wa baadaye.

Kwa barobaro: umesema kweli kuhusu OB. Nimewahi kuandika jina nililoambiwa nisiliandike. Nilihamishwa. Yule kijana yuko hai, anauza nazi. Sina zaidi ya hapo.

barobaro_wa_Majengo:
Nimekuelewa kaka. Mungu akuweke.

bintiMtongwe:
Sijui niwashukuru vipi. Mamangu hasomi mitandao kwa hivyo jana usiku nikamsomea maneno ya bi sajini kwa sauti, yote, mpaka yale ya mtoto. Hakusema ndiyo. Lakini aliniuliza huyo mama anakaa Mikindani sehemu gani, na nikajua anataka kwenda kumwona yeye mwenyewe. Bi sajini ukiridhia naomba niruhusu nimlete, nitakuandikia faragha.

Jumamosi naenda msalaba mwekundu kuuliza. Gudi kondakti nitaomba mwisho wa mwezi nikipata mshahara. Mbio nina swali moja, urefu wanapima na viatu ama bila? Mimi niko hapo hapo kwa futi 5 na inchi 3 na kidogo.

bi_sajini:
Mlete mwanangu, nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Aje alasiri tupate kuongea.

mbio_mama_ngina:
Bila viatu, na utasimama wima visigino vimegusa ubao. Hiyo kidogo inatosha. Mazoezi ni kuanzia saa kumi na moja na nusu baada ya sala, vuka na feri mapema utatukuta upande wa mnara wa taa.